Taadhima Impasayo Muuguzi wa Shule

BARUA YA UNYANYEMBE
Na Hamisi Mrisho

Mgeni afikapo Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, huonyeshwa miembe mikongwe, akapelekwa Kwihara kutazama tembe alimokaa Livingstone, akatajiwa shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, kisha akarejea stesheni kungoja gari la moshi akiamini kwamba ameuona mji. Aghalabu hapelekwi katika Shule ya Viziwi, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ikiwa ya kwanza ya namna yake katika nchi yetu, wala katika Shule ya Furaha wanakosoma watoto wasioona. Tu hodari wa kukumbuka wapitaji. Leo nitanena habari za mkaaji, muuguzi wa shule za namna hii, ambaye khidima yake haina kibao.

Mtoto asikiaye akipatwa na homa hulia, akasema ni kichwa au ni tumbo. Lakini kiziwi aliyeletwa bweni kutoka kijijini, ambaye hajajifunza bado lugha ya alama na hana ila ishara chache walizozizoea mama yake na ndugu zake, hana njia ya kueleza maumivu yake, na muuguzi hana budi ayasome katika sahani iliyorudishwa na chakula, katika shingo inayokataa kuinama, katika usingizi uliokuja mchana bila sababu. Yeye ndiye ajuaye kwamba baadhi ya watoto hao hawakuzaliwa viziwi, bali walipokonywa usikivu na homa ya uti wa mgongo, au surua, au sikio lililotoa usaha miaka miwili pasipo tiba. Na kwa sababu hiyo, aliyebakiwa na usikivu mdogo humsafisha masikio kwa uangalifu mkubwa, ili kidogo hicho kisipotee nacho.

Kwa watoto wenye ualbino waliomo katika shule hizi kazi huzidi, kwani jua la Unyamwezi halina huruma, na ngozi isiyolindwa kwa mafuta, kofia na mikono mirefu huishia katika saratani ingali mbichi. Fauka ya hayo, wapo waliohamishwa makwao baada ya mauaji yaliyotutia aibu mbele ya ulimwengu tangu mwaka 2007, wakahifadhiwa katika shule za Kabanga, Buhangija na kwingineko; na mtoto aliyefunzwa kumwogopa kila mtu asiyemjua, hampi mkono wake mtu wa sindano mpaka amwone leo, na kesho, na mwezi ujao.

Njia hii ya misafara imepata kumwona mganga mkaaji wa namna hiyo. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasoma utabibu Malta, na mwaka 1888 akaingia bara kwenda Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa pale hata uzeeni, akafa mwaka 1956 na nishani zake; lakini kwa insafu yangu, kilichomfanya awe Atiman si nishani, ni kule kuachwa akae mahali pamoja zaidi ya miaka sitini.

Sisi twafanyaje? Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, huwapa kanga na cheti, tukapiga picha. Sina ugomvi na kanga, maana huvaliwa. Ugomvi wangu ni kwamba shule nyingi za bweni hazina nafasi ya muuguzi katika ikama, basi dawa huachiwa matroni, mwenye funguo za stoo na mashuka ya bweni zima juu yake. Na palipo na muuguzi wa kuazimwa zahanati, huenda akahamishwa mara tu mikono yake ilipokwisha kuzoea alama za watoto. Nitaambiwa kwamba wauguzi ni haba mkoa mzima, na kweli ni haba. Lakini mwanakijiji asipomkuta muuguzi aweza kumweleza mwingine. Mtoto kiziwi hawezi, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikumtaja kwa pambo.

Waheshimiwa madiwani, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio hujadiliwa miezi mingi kabla yake: itieni nafasi hiyo, mgharimie mafunzo ya lugha ya alama, na aliyejifunza msimhamishe bila ya ridhaa yake. Nawe mzazi uletaye mwana Januari, usiache sanduku langoni ukakimbilia basi. Nenda chumbani kwa muuguzi, umwamkie, umweleze maradhi yote aliyopata kuugua mwanao, na umwonyeshe ishara anayoitumia nyumbani akiumwa.