Asiyeona wala Kusikia Anafundishika



Katika baadhi ya familia zetu yuko mtoto ambaye wageni hawaonyeshwi. Haoni na hasikii. Hulishwa, huogeshwa, kisha hurudishwa chumbani. Ukiuliza habari zake utajibiwa: "Huyo hana akili, tumemwachia Mungu." Mwezi huu tunataka kusema wazi kwamba jibu hilo si la kweli, na kwamba kumwachia Mungu kwa namna hiyo ni kumkimbia mtoto.

Ushahidi tunao, tena wa siku nyingi. Mwaka 1885, nchini Ufaransa, alizaliwa msichana aitwaye Marie Heurtin, kipofu na kiziwi tangu kuzaliwa. Watu walimhesabu kuwa punguani. Mwaka 1895, akikaribia kutimiza miaka 10, alipelekwa kwa Masista wa Shirika la Mabinti wa Hekima huko Larnay, karibu na mji wa Poitiers. Alifika akipiga mayowe na kujigaragaza chini. Sista Sainte-Marguerite akakubali kumfundisha.

Sista aligundua kwamba Marie alikipenda mno kisu chake kidogo alichokuja nacho kutoka nyumbani. Akamnyang'anya. Mtoto akakasirika. Sista akaishika mikono yake, akapitisha mmoja juu ya mwingine kama mtu anayekata, kisha akamrudishia kisu. Akarudia tena na tena, mpaka Marie mwenyewe akaifanya ile alama. Hapo akawa ameelewa jambo kubwa: kitu kina alama yake, na ukiitoa alama hiyo mwenzako anakuelewa. Baadaye alijifunza herufi zinazofanywa kwa vidole mkononi, halafu akajifunza kusoma nukta nundu. Alipokea Komunyo ya Kwanza. Mdogo wake Marthe, aliyekuwa na ulemavu uleule, alipoletwa Larnay, Marie alisaidia kumfundisha. Alifariki mwaka 1921.

Hizo nukta nundu ni kazi ya Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni baada ya kujichoma jicho katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi. Alibuni maandishi hayo mwaka 1824 akiwa na miaka 15 tu. Ni nukta 6 zinazopangwa kwa namna mbalimbali, nazo zatoa alama 63. Kiswahili nacho huandikwa hivyo hivyo. Mtu asiyeona wala kusikia akizijua, kidole chake ndicho jicho, ndicho na sikio.

Wengine watasema: "Hao walikuwa na Masista na shule, sisi tunacho nini?" Tunajibu kwamba Sista yule alianza na kisu na mikono miwili. Mikono kila mzazi anayo. Anzeni nyumbani. Kabla ya kumwinua mtoto, mguseni begani kwanza ili asishtuke. Kabla ya kumpa maji, mshikisheni kikombe. Kabla ya kumwogesha, mshikisheni sabuni. Kila siku vivyo hivyo, bila kubadilisha. Mama avae bangili ileile, mtoto aishike ajue kuwa huyu ni mama. Mkifanya kazi, mikono yake iwe juu ya yenu.

Lakini nyumbani peke yake hakutoshi. Mtoto apelekwe hospitali mapema. Pengine ana mtoto wa jicho anayeweza kupasuliwa, au masikio yaliyobakiza uwezo kidogo wa kusikia. Kisha atafutiwe shule. Dar es Salaam, Shule ya Uhuru Mchanganyiko imekuwa ikipokea watoto wa aina hii. Kenya ipo shule yao huko Kabarnet. Ni kweli shule ni chache na nauli ni mzigo. Ndiyo maana tunadhani gharama hii isiwe ya mama mmoja. Jumuiya Ndogo Ndogo zinazochangia arusi kwa moyo zinaweza pia kumchangia mtoto mmoja nauli na karatasi za nukta nundu.

Tukinge pia. Mama akipata rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto aweza kuzaliwa haoni, hasikii, na moyo una kasoro. Surua na homa ya uti wa mgongo nazo huharibu macho au masikio ya watoto waliozaliwa wazima. Tangu mwaka 2014 Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubela pamoja, mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ile ya pili wengi huisahau. Tazameni kadi ya kliniki leo hii.

Katika Injili ya Marko, Bwana wetu alipoletewa kiziwi hakumhubiria kwanza. Alimpeleka kando, akayagusa masikio yake na ulimi wake, kwa lugha ambayo mtu yule angeweza kuielewa. Yule mtoto aliye chumbani naye anangoja kuguswa. Mtoeni nje, mleteni kanisani, mshikisheni maji ya baraka mlangoni. Hayo yatakuwa mwanzo wa masomo yake.