Nguvu ya maji ya dushi: tupime mbele ya kubandika karo

Kipindi cha jua kikifika, wengi kati yetu wanapokea zamu yao ya likelemba na kuanza kutengeneza nyumba. Mara nyingi kazi inaanzia chumba cha kuogea. Karo za zamani zimevunjika, ukuta umeshika unyevu, na maji ya dushi yanatoka kama machozi. Basi tunakwenda sokoni, tunanunua dushi kubwa inayong'aa na karo mpya, fundi anabandika. Siku ya kufungua robine, maji ni yale yale. Feza imekwisha, na tiyo mbaya sasa imefungiwa nyuma ya karo nzuri.

Juma hili tunataka kushika jambo moja: nguvu ya maji haitoki katika dushi. Inatoka kwenye urefu ambao maji yanashukia na kwenye tiyo yanamopita. Kwa hiyo kazi ya nguvu ya maji inafanywa mbele ya karo.

Maji yanapata nguvu wapi?

Darasani tunawaonyesha watoto hivi. Tunachukua chupa ya plastiki, tunatoboa matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, kisha tunajaza maji. Tundu la chini ndilo linatoa maji kwa nguvu zaidi, kwa sababu linabebeshwa uzito wa maji yote yaliyo juu yake.

Ni vile vile hapa kwetu Bukavu, mji wa milima juu ya ziwa. Mafundi wanapima nguvu ya maji kwa bar. Kila metre 10 za mteremko zinaongeza karibu bar 1. Nyumba mbili zikipata maji kutoka tanki moja la mlimani, na moja iko metre 30 chini ya nyingine, ile ya chini ina karibu bar 3 zaidi. Ndiyo sababu mama wa chini karibu na ziwa anaoga vizuri mchana, na mama wa juu anangojea usiku, wakati watu wengi wamefunga robine zao.

Tupime kwanza

Mbele ya kumwita fundi, chukua ndoo ya litre 10 na simu inayohesabu dakika. Fungua dushi kabisa, jaza ndoo, andika muda. Ikijaa kwa dakika moja, maji yanatosha sana. Ikijaa kwa dakika moja na nusu, bado ni vizuri. Ikichukua dakika tatu au zaidi, kuna shida.

Kisha fanya mambo matatu.

Kwanza, fungua kichwa cha dushi, ukitoe, upime tena. Ikiwa sasa maji yanakuja mengi zaidi, ubaya ni kichwa chenyewe: matundu yamezibwa na chokaa na mchanga. Kilaze usiku mzima katika siki, kisha ukisugue na mswaki wa zamani. Pengine utamaliza kazi bila kuvunja hata karo moja.

Pili, pima kwenye robine ya nje iliyo karibu na kompteri. Maji yakiwa na nguvu pale na kukosa nguvu katika dushi, shida iko kati ya fasi hizo mbili, ndani ya parseli yako. Angalia kama vane zote zimefunguliwa mpaka mwisho. Mara nyingi vane moja imebaki nusu tangu siku ya matengenezo, na hakuna anayekumbuka.

Tatu, pima asubuhi, saa sita na usiku. Ikiwa hata kwenye kompteri maji hayana nguvu mchana na yanarudi usiku, tiyo zako hazina kosa. Hapo dawa ni tanki.

Tiyo nyuma ya ukuta

Tiyo za chuma za zamani zinaota kutu kwa ndani mwaka kwa mwaka. Kwa nje unaona tiyo ya nusu inchi, lakini kwa ndani njia ya maji imebaki kama ya kalamu. Ukiwa umeshavunja ukuta, zibadilishe zote pamoja. Ukibadilisha kipande tu, kile kilichobaki ndicho kitaendelea kukaza maji.

Upana ni jambo kubwa kuliko tunavyofikiri. Ukitoka tiyo ya nusu inchi na kwenda ile ya inchi robo tatu, kwa urefu ule ule na nguvu ile ile, maji yanayopita yanaweza kufika karibu mara mbili. Kwa hiyo mwombe fundi apitishe tiyo pana mpaka kwenye chumba cha kuogea, na apunguze upana kwenye dushi tu. Mwombe pia apunguze kona. Kila kona inakula nguvu kidogo, na kona kumi zinakula nyingi.

Tena usione haya kuuliza. Sema hivi: “Baba fundi, mbele ya kufunga ukuta, tuzibe mwisho wa kila tiyo, tujaze maji, tulale nayo usiku mmoja.” Asubuhi pitisha mkono mkavu kwenye kila muungano. Ukiona tone, lirekebishwe siku ile. Piga picha ya ukuta wazi na simu yako, metre ya fundi ikionekana pembeni, ili siku ya kutoboa ukuta ujue tiyo inapita wapi. Na uombe vane moja ya kufunga maji ya chumba hicho peke yake. Fundi mwenye kujua kazi hatakasirika. Yule anayekasirika, ni vizuri umjue mapema.

Tanki: mlima unaweza kutusaidia

Wengi wanaweka tanki juu kidogo ya dari na kushangaa kwamba maji yanaanguka tu bila kuruka. Hesabu ni rahisi: metre 1 kutoka chini ya tanki mpaka dushi inatoa bar 0.1 peke yake. Metre 5 zinatoa bar 0.5, na hapo mtu anaoga vizuri kama tiyo ni pana. Kwa tanki, dushi ndogo isiyo na matundu mengi inafaa kuliko ile kubwa ya mvua, inayotawanya maji machache pahali pote.

Parseli nyingi za kwetu ziko kwenye mteremko. Badala ya kutafuta urefu juu ya nyumba, angalia nyuma ya nyumba. Ikiwa ardhi ya juu ni imara, tanki likikaa pale chini linapata metre tatu au nne za bure. Lakini tuwe na akili. Litre 1 ya maji ina kilo 1. Tanki la litre 1,000 likijaa lina tani nzima. Usilibebeshe ukuta wa matofali ya udongo wala nyumba ya mbao. Usiliweke ukingoni mwa udongo unaopasuka, hasa juu ya chumba wanamolala watoto. Na kama maji ya usiku hayana nguvu ya kufika pale juu, tanki litabaki tupu. Jaribu kwanza na tiyo ya kumwagilia: ivute mpaka fasi hiyo usiku, uone kama maji yanapanda.

Pompe inayonyonya barabara

Hapa tunasema wazi. Kuna watu wanaofunga pompe moja kwa moja kwenye tiyo inayotoka barabarani. Dushi yao inapata nguvu, ni kweli. Lakini nguvu hiyo imetolewa kwa majirani. Tena kuna jambo baya zaidi. Tiyo za chini ya barabara zina nyufa, na nyingi zinapita karibu na mifereji ya maji machafu. Nguvu ya maji ikiwa ndani, maji safi ndiyo yanayotoka kwenye nyufa. Pompe ikinyonya, uchafu wa nje unavutwa ndani, na unafika katika kikombe cha mtoto wa jirani, hata cha mtoto wako. Katika Kivu yetu kolera si hadithi.

Ikiwa pompe inahitajika, inyonye katika tanki lako, lililojazwa pole pole na maji yenyewe. Waya wake uwe mbali na maji, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme. Katika kikundi tuzungumze jambo hili bila kutaja mtu kwa kidole, lakini tulizungumze.

Nani atabeba bidoni?

Jambo la mwisho ni hesabu ya familia. Dushi inayotoa litre 4 kwa dakika, mtu akioga dakika tano, inakula litre 20, bidoni moja. Ukiipandisha mpaka litre 10, dakika tano zile zile zinakula litre 50. Familia ya watu saba itatumia litre 350 kwa siku, ni kusema zaidi ya bidoni 17. Tanki la litre 1,000 halitamaliza siku tatu.

Na siku maji yanapokatika, nani anapanda mlima na bidoni mgongoni? Sisi walimu tunajua jibu. Ni msichana anayeingia darasani wakati somo la kwanza limekwisha, nguo ikiwa imelowa mabegani. Kwa hiyo nguvu inayotosha ni bora kuliko nguvu nyingi. Litre 6 kwa dakika zinamwogesha mtu vizuri, na vane ya dushi ipo ili ifungwe wakati wa kujipaka sabuni.

Kazi ya nyumbani ya juma hili: kila mama apime ndoo yake ya litre 10, asubuhi na usiku, aandike dakika kwenye karatasi na kuileta kwenye mkutano wa kikundi. Tukiziweka karatasi zote pamoja, tutaona avenyu kwa avenyu nani anahitaji tiyo, nani anahitaji tanki, na nani anahitaji siki ya kusafisha dushi tu. Huyo wa mwisho, feza yake ya likelemba ilipe masomo ya watoto.