Uchambuzi: Kinga ya kompyuta inapomfungia mwenyewe nje

IJUMAA ya Julai 19, mwaka 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili jipya la programu yake ya kulinda kompyuta. Faili hilo lilikuwa na kasoro. Liliondolewa dakika 78 baadaye, lakini kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika. Zilijizima na kujiwasha mfululizo, na watumiaji hawakuweza kufika hata mahali pa kuandika nywila.

Halikuwa tukio la kwanza. Aprili 21, mwaka 2010, programu ya McAfee iliitambua svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa ni kirusi. Matokeo yalikuwa yale yale.

Chanzo chake kinaeleweka. Programu ya kuzuia virusi huanza kazi kabla mtumiaji hajaingia, na ina mamlaka ya kufungia au kufuta faili lolote. Ikikosea, madhara yake hulingana na mamlaka hayo.

Mwaka 2024 tiba ilijulikana siku hiyo hiyo. Ugumu ni kwamba kompyuta nyingi zilihitaji mtu wa kuzishika moja moja, kuziwasha katika hali salama na kufuta faili lenye kasoro. Hapo ndipo umbali unapokuwa sehemu ya tatizo.

Chukua mfano wa Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi. Makazi hayo yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Kwa jamii ambayo hadhi yake imeamuliwa kwa orodha, fomu na vyeti, kumbukumbu si jambo dogo. Programu za CrowdStrike hutumiwa zaidi na taasisi kubwa, lakini ofisi yenye kompyuta moja, ambayo fundi wake hutoka Mpanda mjini, inaweza kusimama kwa siku kadhaa kwa hitilafu ya aina hiyo.

Hasara kubwa zaidi mara nyingi hutokana na haraka ya kufomati. Kompyuta inapokataa kufunguka, kwa kawaida nyaraka bado zimo kwenye diski. Swali la kwanza liwe: ni kitu gani kilibadilishwa mwisho? Kama ni programu ya kuzuia virusi, ishukiwe hiyo kabla ya nywila.

Katika Windows 10 na 11, hali salama hupatikana kwa kubonyeza Shift huku ukichagua kuwasha upya. Katika XP na 7 hutumika F8. Ukishaingia, ondoa programu hiyo au irejeshe kompyuta katika hali ya siku za nyuma. Zikiwapo programu mbili za kinga, ibaki moja, kwani huweza kugongana.

Kompyuta ya XP ikikubali nywila kisha ikamtoa mtumiaji papo hapo, huenda kirusi kilibadilisha mpangilio uitwao Userinit, na programu ya kinga ikafuta kirusi bila kuurekebisha. Hapo fundi aurejeshe mpangilio huo. Nywila mpya haitasaidia. Penye BitLocker, ufunguo wa tarakimu 48 utahitajika, hivyo uandikwe na kutunzwa nje ya kompyuta.

Kuacha kinga kabisa si jibu, maana flashi moja hupita katika kompyuta nyingi. Kinachotakiwa ni taasisi kujaribu toleo jipya katika kompyuta moja kabla ya zote, kuweka nakala ya kumbukumbu mahali pengine, na kumfundisha walau mtumishi mmoja wa hapo hapo hatua hizi. Gharama ya maandalizi hayo ni ndogo. Gharama ya orodha iliyofutwa hulipwa na mwananchi aliyefuata jina lake.