Tamko kuhusu uchovu wa wauguzi na wakunga hospitalini

Ndugu wananchi, waajiri na viongozi wa sekta ya afya,

Sisi wauguzi na wakunga wa hospitali za Tanzania Bara, kupitia chama chetu, tunatamka kwamba uchovu unaowaelemea wenzetu wodini hautokani na udhaifu wa moyo wala kukosa wito. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO), katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliueleza kuwa si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini. Mtu huishiwa nguvu, moyo wake huikimbia kazi, mwishowe hujiona hafai. Moyo ukishaikimbia kazi, ndipo mgonjwa anapokutana na kauli mbaya. Hatuitetei kauli hiyo. Mgonjwa anastahili heshima saa nane usiku sawa na saa nne asubuhi. Lakini muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake, anayetoka kumfunika marehemu na papo hapo kwenda kutundika dripu kitanda cha pili, naye ni binadamu.

Mama anapofariki kwa uzazi hufanyika kikao cha kujadili kifo hicho. Damu ilikuwepo? Rufaa ilichelewa wapi? Maswali hayo ni ya lazima, na tunayaunga mkono. Mkunga aliyekuwa zamu huyajibu, kisha hurudi leba. Mara nyingi hakuna anayemuuliza kama amelala tangu siku ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada ni kwa makubaliano. Kubaki zamu kwa sababu wa kukupokea hayupo si makubaliano. Semina za ustahimilivu tunazipokea kwa shukrani, ila haziwezi kushika zamu.

Kwa hiyo tunadai nafasi zilizo wazi zijazwe kabla ya kuongeza vitanda, ratiba za zamu zitoke mapema, na mapumziko baada ya zamu za usiku yasiguswe. Kila hospitali iwe na mshauri nasaha anayetunza siri, asiyepeleka taarifa kwa mfawidhi. Bila hilo hakuna atakayethubutu kumwendea.

Nanyi ndugu wa wagonjwa, mkikuta muuguzi mmoja katika wodi iliyojaa, andikeni kwenye sanduku la maoni, na mtaje idadi ya wauguzi mliowakuta.