Reli Ipitayo Mlangoni Petu

Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 yapita katikati ya Kibera, na wenzetu hupanga bidhaa zao kando ya mataruma. Kila ajali ikitajwa, mkazi ndiye hulaumiwa kwanza. Waling'oa reli mwaka 2008 kwa hasira ya uchaguzi; hilo hatulitetei. Lakini ni nani aliyewajibika kwa Ngai Ndethya mwaka 1993, mafuriko yalipobomoa daraja na abiria zaidi ya 100 wakaangamia? Desemba 2013 treni ya mizigo iliacha njia ikaangukia nyumba za maskini hapa hapa Kibera. Na Sinai, mwaka 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliteketeza roho zaidi ya 100. Behewa la mafuta likipinduka kati ya vibanda, nani atasalimika?

Twadai mkaguzi aikague njia kwa miguu kila baada ya mvua kubwa, atazame madaraja, kokoto na misumari ya reli, na taarifa yake isifungiwe kabatini. Ibandikwe stesheni, isomwe makanisani Kibera na Kawangware, ikitaja tarehe, kasoro iliyoonekana na afisa aliyepewa kuirekebisha.