Kurasa Kumi kwa Siku Zatutosha



Imekuwa desturi kuambiwa kwamba vijana wa siku hizi hatusomi. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Tunasoma, tena sana. Taabu ni kwamba tunasoma tu kile tulichoamriwa, na hata hicho wengi wetu tunakisomea kwenye mwongozo. Maoni yangu ni haya: kila mmoja wetu ajiwekee lengo la kusoma kurasa kumi kila siku katika kitabu alichokichagua yeye mwenyewe, na vijisenti vyake vya kununulia vitabu vifuate lengo hilo.

Pengine utauliza, mbona kurasa wala si vitabu? Jibu ni rahisi. Mtu akisema, "Mwezi huu nitasoma vitabu vitano," ataanza kutafuta vitabu vyembamba ili apate kujisifu. Kile kinene atakiogopa kama simba. Lakini kurasa kumi ni kurasa kumi, kitabu kiwe chembamba au kinene. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa siku 30 utakupa kurasa 300, na mwaka mzima utakupa kurasa 3,650. Hesabu hiyo haihitaji hata kikokotoo.

Sisemi mambo ya kusikia. Jambo hili nililijaribu mwezi wa Juni, na wala haikuwa likizo. Siku tano zilipita bila kufungua kitabu: tatu za mtihani wa katikati ya muhula, na mbili tulikuwa na matanga kwetu. Siku nyingine hadithi ilininasa nikapita kumi bila kujua. Mwezi ulipokwisha, daftari langu lilionyesha kurasa 331. Nilizisoma wapi? Tatu au nne ndani ya matatu asubuhi, mbili hivi kwenye foleni ya chakula cha mchana, na zilizobaki usiku baada ya kazi ya walimu. Sisi wa shule ya kutwa hatuna kengele ya jioni inayotuita darasani kusoma. Tukirudi nyumbani kuna maji ya kuteka, kuna mtoto wa kubembelezwa, kuna dukani pa kutumwa. Wakati ni lazima tuuokoteze vipande vipande.

Katika mwezi huo nilimaliza vitabu viwili, nikakivuka cha tatu nusu. Cha kwanza kilikuwa "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammad Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, ambamo Bwana Msa anachunguza kifo cha mtu kule Unguja. Cha pili kilikuwa "Siku Njema" cha marehemu Ken Walibora, cha 1996, chenye safari ndefu ya kijana anayetoka Tanga kumtafuta babake huku Kenya. Hiki cha tatu ni "Kuli" cha Adam Shafi, cha 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Tulipofika kwenye vyama vya wafanyakazi katika somo la Historia, wenzangu waliona orodha ya kukariri. Mimi niliona watu wenye mizigo mabegani. Hakuna aliyenituma kusoma kitabu hicho, na faida yake imeingia hata katika somo jingine.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ni kweli vitabu ni ghali. Mwaka wa 2013 sheria ya VAT iliviingiza vitabu katika kodi ya asilimia 16, yaani kitabu cha shilingi 500 kikawa 580. Mwanafunzi wa kawaida atazitoa wapi? Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa tunainama kweli kweli! Jijini Nairobi wapo wachuuzi wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, kando ya barabara, na huwezi kuchagua bila kuinama. Mimi nilitenga shilingi 200 kwa mwezi mzima. Kitabu kimoja nilikipata kwa 80 na kingine kwa 120. "Kuli" niliazimwa na mwalimu.

Katika kununua nina kanuni tatu ambazo nawasihi mzijaribu. Kwanza, usinunue kingine kabla hujamaliza ulicho nacho. Kitabu kilichokaa sandukuni bila kusomwa ni pesa iliyolala. Pili, kabla ya kutoa pesa, fungua kurasa za mwisho uone kama zipo. Vitabu vya mitumba vina tabia ya kunyofolewa, na hadithi isiyo na mwisho ni maudhi matupu. Tatu, epuka vitabu bandia. Kitabu cha mitumba kilinunuliwa kihalali na mtu wa kwanza, na mwandishi akapata chake. Kitabu bandia kimetolewa nakala kwa wizi, wino umefifia, mistari imekwenda upande, na mwandishi hapati hata ndururu. Tukiwafisha njaa waandishi wetu, kesho nani atatuandikia?

Najua kuna atakayesema, "We bwana, uko kidato cha tatu, mwakani ni KCSE, hadithi za nini?" Swali hilo si baya, na nitalijibu kwa alama. Kiswahili chetu kina alama 200: Insha 40, Lugha 80, Fasihi 80. Insha haiandikwi kwa mwongozo. Huandikwa na kichwa chenye maneno. Wengi wetu tunaingia kwenye chumba cha mtihani na methali zilezile nne tulizotoka nazo shule ya msingi, tunazipachika popote, hata pale zisipotakiwa. Na katika Fasihi, ukiletewa dondoo ueleze muktadha wake, mwongozo utakusaidia tu ikiwa dondoo hilo limo ndani yake. Lisipokuwamo, umekwisha.

Tena mwongozo una hasara iliyo kubwa kuliko alama. Utakuambia kwamba mhusika fulani ni mwoga, mnafiki na mwenye tamaa. Hautakuonyesha jasho likimtoka alipokuwa akidanganya. Ukizoea kuambiwa na wengine mtu yule ni mtu wa aina gani, utazoea pia kuambiwa umchague nani na umchukie nani. Hili si jambo dogo kwa vijana ambao miaka miwili ijayo watakuwa na kura mkononi. Sisemi miongozo itupwe. Nasema ije baada ya kitabu, kama chumvi inavyokuja baada ya chakula kupakuliwa.

Tukumbuke pia tulikotoka. Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda, Nairobi, ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Babu zetu walizuiwa na sheria za wakoloni. Sisi mlango uko wazi. Tukikosa kuingia, tutamlaumu nani?

Hata hivyo, kuna mlango mmoja ambao haujawa wazi kwetu, nao ni wa hapa hapa shuleni. Maktaba yetu hufunguliwa baada ya masomo ya jioni, saa ambayo sisi tunaokaa mbali tunakimbilia matatu kabla nauli haijapanda. Kwa heshima kubwa, nawaomba walimu wetu waifungue pia saa ya chakula cha mchana, hata kama ni nusu saa tu na hata kama ni mara tatu kwa juma. Wanachama tuko tayari kuketi mlangoni kwa zamu na kuandika nani amechukua nini.

Nasi wanachama tusingoje walimu peke yao. Kila mmoja alete kitabu kimoja alichokwisha kusoma, kiandikwe kwenye daftari la chama, akiache na kuchukua cha mwenzake. Tukiwa 40, kila mmoja wetu atakuwa ametoa kitabu kimoja na kupata njia ya kusoma 39. Hata yule asiye na shilingi 80 atakuwa na kitu mkononi.

Naweka kalamu chini hapa. Wewe unayesoma maneno haya umekwisha kusoma kurasa kadhaa za gazeti letu leo. Zihesabu, kisha utafute zilizobaki zifike kumi.