Kasia Halimjui Mwenye Bahari

Sisi watu wa pwani tuna ada ya kujinasibu na bahari kana kwamba tumeandikiwa katika wasia. Akitokea mtu wa bara akasema neno juu ya vyombo, tutamcheka kabla hajalimaliza. Jambo hili lilinikaa moyoni nilipokuwa Malava, huko Kakamega, mahali ambapo bahari haipo hata kwa harufu. Ukitoka mjini Kakamega kuelekea Webuye utapita msitu kando ya barabara, kisha ni miwa, na matrela ya miwa, na miwa tena. Kutoka huko hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Mzee mmoja wa Kikabras, mwalimu mstaafu, aliniuliza kwa adabu kubwa: "Sheikh, nyinyi bahari mnayo tangu na tangu. Je, waliokwenda kupiga makasia kwa jina la Kenya ni wangapi kutoka kwenu?"

Hakuuliza kwa kejeli, na kwa hivyo nami sitamjibu kwa kejeli.

Kwanza na tuuelewe mchezo wenyewe, maana si ule wa kuvusha abiria kwa mashua. Boti ya mtu mmoja ina urefu wa mita 8 na kitu, nayo ni nyembamba mno hata uzito wake unaoruhusiwa huanzia kilo 14 tu. Mpigaji hukaa juu ya kiti kinachoteleza, huipa omo mgongo, akenda mbele huku macho yake yanatazama tezi. Masafa ya mashindano makubwa ni mita 2000. Na wengi hudhani nguvu ni ya mikono. La hasha, kwa mtu mwenye miguu yake sehemu kubwa ya nguvu hutoka miguuni, ikapita mgongoni, ndipo ikafika kwenye kasia.

Lakini ajabu ya mchezo huu ni nyingine. Mpira wa miguu mtoto huuanza na mpira wa makaratasi uchochoroni, na asiyeuanza mapema ni shida kufika mbali. Makasia si hivyo. Mtu aweza kuanza akiwa na miaka 18 au 20, hajawahi kushika kasia, na bado akaifikia timu ya taifa. Helen Glover wa Uingereza alianza mwaka 2008, akiwa mtu mzima, katika mpango wa kutafuta vijana warefu wenye maumbile ya michezo. Mwaka 2012 mjini London alitwaa dhahabu ya Olimpiki pamoja na Heather Stanning, na mwaka 2016 kule Rio wakaitwaa tena.

Nasi tusiseme hayo ni ya Wazungu wa Ulaya tu. Hapo Uganda, nchi isiyo na bahari, yuko Kathleen Noble, mzaliwa wa nchi hiyo, binti wa wazazi wa Ireland. Mchezo wake ulikuwa kuogelea, na aliiwakilisha Uganda kwa kuogelea. Alipokwenda kusoma chuo kikuu cha Princeton huko Marekani ndipo alipoingia katika makasia, mwanafunzi miongoni mwa wanaoanza. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akawa mtu wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika mchezo huo, na mwaka 2024 alikuwako Paris. Kenya nayo ilikuwa na Matthew Lidaywa Mwange katika boti ya mtu mmoja mjini Beijing mwaka 2008, na jina la Lidaywa si geni masikioni mwa watu wa magharibi.

Sisi tuliosoma kwa maalimu, neno "chuo" kwetu lina maana ya mkeka, ubao na alif, be, te. Na katika kila chuo alikuwako yule aliyeanza ukubwani, ndevu zimemtoka, ameketi na watoto wa miaka sita akifundishwa herufi moja moja. Maalimu hakumcheka, na aliyemcheka alionja bakora. Baada ya miaka michache mtu yule yule ulimsikia akisoma vizuri kuliko waliomtangulia, kwa sababu alikuja kwa nia yake, hakuburutwa na mama yake. Mwanzo wa kuchelewa haumharibii mtu. Kinachomharibia ni kukosa wa kumpa nafasi ya kuanza.

Na tunaye shahidi wa nyumbani. Asiya Mohamed Sururu ni mtu wa Mombasa. Akiwa na umri wa miaka 2 aligongwa na garimoshi, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Alicheza tenisi ya kiti cha magurudumu, akashindana katika mbio za viti hivyo, kisha akaingia kwenye makasia akiwa mtu mzima. Akafuzu kwenda Tokyo mwaka 2021, kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufuzu huko kwa mchezo huo. Nimesema nguvu za mpigaji ni za miguu. Basi Asiya hushindana katika daraja la wale wanaovuta kwa mabega na mikono pekee, wamefungwa mkanda kwenye kiti kisichoteleza, na masafa yao ni yale yale, mita 2000. Hakurudi na medali. Lakini naapa kwamba katika mitaa yetu ya Mombasa kuna watu wanaojua majina ya wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Uingereza na ya akiba yao, na jina la Asiya hawajapata kulisikia. Hiyo ni aibu yetu, si yake.

Na turudi kwenye swali la mzee wa Malava, kwa kuwa naye ana haki ya kuuliza. Eneo lake ndilo lenye kiwanda cha sukari cha West Kenya, na jina la Kabras limepanda juu kwa raga. Klabu ya Kabras Sugar ilitwaa ubingwa wa Kenya Cup mwaka 2016, ikautwaa tena 2022, 2023 na 2024. Raga haikuzaliwa Kabras. Babu zao hawakuicheza. Ilikuja mgeni kama kasia lilivyomjia msichana wa Kampala. Lakini palipatikana kiwanda kilichokubali kulisha timu, uwanja, mwalimu wa mchezo, na vijana walioambiwa: njooni mjaribu. Mambo manne tu, na sasa mabingwa wa zamani wa Nairobi huwaogopa watu wa miwa.

Sisi tuna mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa, maji matulivu asubuhi kama samli iliyoganda. Tuna vijana wa kivuvi ambao mabega yao yamekwisha tengenezwa na kazi. Lamu hushindanisha majahazi na waogeleaji katika siku za Maulidi, na watu hujaa ufukoni. Tulichokosa ni nini ila yale mambo manne?

Nitaambiwa boti hizo ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini anayeanza haanzi na boti. Huanzishwa na mashine ya nchi kavu, yenye kiti cha kuteleza, kishikio cha kuvuta, na kioo kinachohesabu muda. Mashine ile haiulizi kabila, haiulizi baba yako ni nani, na haijui kama umetoka Shela au Malava. Mashine chache zikikaa katika banda moja zaweza kupima vijana wa shule kumi. Watakaobainika, hao ndio watafutiwe boti. Kampuni zinazovuna mamilioni kutokana na bandari yetu zisishindwe na kiwanda cha sukari.

Nitaambiwa pia kuhusu wasichana na stara. Hilo ni neno la maana wala silidharau. Lakini stara ni mavazi na nidhamu, na mikono mirefu na kitambaa cha kichwa havimzuii mtu kuvuta kasia. Yaweza kupangwa saa za wanawake na mwalimu mwanamke, kama tupangavyo madarasa. Iko kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuhimiza watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Mzazi anayemnyima mtoto maji kwa jina la dini na ajiulize hoja hiyo ameitoa wapi, maana vijana wetu wanaokaa vibarazani bila kazi wala mchezo hawabaki mikono mitupu. Unga huwafikia kabla ya mwalimu.

Kwa hiyo jawabu langu kwa mzee ni hili: ni wachache mno, na aliye mashuhuri kuliko wote alikwenda bila miguu. Ikiwa kesho wapima vijana watapeleka mashine Malava kabla ya Mombasa, mkata miwa mmoja ataiketia, atavuta, na huenda akatupita. Hapo tusije tukasema ametunyang'anya bahari yetu. Bahari ni ya Mwenyezi Mungu, na kasia humfuata anayelivuta.